Kitanzi cha homoni kilivyonipunguzia hedhi nzito

Kila mwanamke niliyemweleza kwamba nakusudia kuwekewa kitanzi, kile kifaa cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya kizazi, ili nipunguze damu ya hedhi alinitazama kama mtu anayekwenda kuzima moto kwa mafuta ya taa. Shangazi yangu alisema kitanzi kilimtoa damu mke wa jirani yake mpaka akaongezewa chupa. Mwenye duka ninakonunua pedi alisema kinapotelea tumboni. Mhudumu mmoja wa zahanati, ambaye nilitarajia angejua zaidi, aliniambia kwa sauti ya kufunga mazungumzo kwamba mwenye hedhi nzito hawekewi kitanzi. Wote walikuwa wakizungumzia kitanzi cha shaba, ambacho ni kweli kinaweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi, hasa katika miezi ya mwanzo, na hakuna hata mmoja wao aliyepata kusikia kwamba kipo kingine chenye umbo lilelile la herufi T, kisicho na shaba bali homoni, ambacho kupunguza damu ya hedhi ni mojawapo ya kazi zake zilizoidhinishwa. Mimi ninacho, na hasira ya kupotezewa muda haijaniisha.

Ninatunza hesabu kwenye ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nimepita miaka arobaini, nina watoto, na kwa miaka kadhaa hedhi yangu ilikuwa imeacha adabu: ilikuja kabla ile ya kwanza haijasahaulika, ikakaa zaidi ya wiki, na siku zake za mwanzo pedi haikunivusha saa mbili. Mezani kwangu nilitandika kitenge cheusi, na sweta sikulivua kiunoni hata jua la Januari lilipowaka. Ninakaa Mabatini, mlimani, mahali ambapo nyumba hufikiwa kwa ngazi za mawe, na nilikuwa nimeanza kupumzika katikati ya ngazi hizo huku nikijifanya ninatafuta kitu kwenye mkoba, ili wazee wanaopanda bila kuhema wasinione.

Shangazi ndiye aliyetangulia na tiba. Alisema ni chango, akaniletea kutoka Magu chupa ya lita moja na nusu yenye maji ya mizizi, rangi ya matope ya kandokando ya ziwa, na sharti kwamba ninywe kikombe kila alfajiri kabla ya kuweka kitu tumboni. Nilimheshimu, nikanywa. Asubuhi moja nilikinywa kikombe hicho, kisha nikapanda kivuko kwenda Kamanga kufuatilia deni la mteja wetu wa upande wa Sengerema, na kivuko kilikuwa hakijafika hata katikati ya maji pale dawa ilipoamua kufanya kazi, si kwenye kizazi bali kwenye utumbo. Safari ile huchukua takriban nusu saa. Sitaeleza yote yaliyotokea, isipokuwa kwamba nilisimama wima nimeshikilia reli kwa mikono miwili, nikijibu salamu za watu kwa kutikisa kichwa tu, na kwamba mdaiwa, aliponiona nashuka nimekunja uso namna ile, alidhani nimekuja na shari, akalipa lote bila neno. Bosi wangu alinisifu. Hedhi nayo ilikuja wiki hiyohiyo, nzito kuliko iliyopita, na nilipomweleza shangazi alifurahi: “Mwanangu, hiyo ni dawa inasafisha.” Nikamuuliza ingekuwaje kama damu ingepungua, akasema hapo ningejua imeponya. Kwa hesabu za namna hiyo hakuna dawa inayoweza kushindwa.

Walikuwapo pia washauri wa kuongeza damu: juisi ya rosela, matembele, bitiruti, maini. Ni vyakula vizuri na bado ninavila, lakini havikuweza kushindana na kasi ya kilichokuwa kikitoka. Sindano ya miezi mitatu nilishawahi kuijaribu zamani, ikaniletea matone yasiyokwisha, nikaiacha.

Jambo lililonifungulia mlango ni daftari, na hapa naomba niruhusiwe kujisifu kidogo. Nilikuwa nimekwisha kuwaona waganga wa hospitali zaidi ya mara moja, na kila nilipoulizwa damu inatoka kiasi gani nilijibu “nyingi,” nao wakaandika “nyingi,” kisha wakanipa vidonge vya madini ya chuma na kuniaga. Mtunza hesabu anayejibu “nyingi” anastahili kufukuzwa kazi. Nikanunua daftari la shule, nikalipiga mistari kama leja ya ghala: safu ya tarehe, safu ya pedi iliyolowa kidogo, safu ya iliyolowa nusu, safu ya iliyojaa, na safu ya mabonge, ambayo niliyapima kwa macho kwa kuyalinganisha na sarafu ya shilingi mia tano.

Swali la pili lilikuwa ni kila baada ya muda gani, na hilo nililijibu kwa leja ya dagaa yenyewe. Wanaojua kazi yetu wanajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi hupumzika, kwa kuwa mwanga wa taa hauwavuti tena samaki. Hivyo kila mwezi mapokezi ya ghala hupungua mbalamwezi ikijaa, kisha hupanda tena giza likirudi. Kutoka mbalamwezi kamili hadi nyingine ni siku 29 na nusu hivi. Nikayaweka madaftari mawili sambamba, na hapo nikaona kwa macho yangu kwamba kati ya mbalamwezi na mbalamwezi hedhi ilikuwa ikifika, ikaondoka na kurudi tena, na kwamba katika baadhi ya miezi siku zenye damu zilikuwa nyingi kuliko siku zisizo na damu. Hakuna aliyenifundisha hilo, na bosi mpaka leo hajui kwamba leja yake imewahi kutumika kwa kazi hiyo.

Nilipolifungua daftari mbele ya muuguzi wa hospitali nyingine, alinyamaza, akalivuta karibu, akaniuliza kama nimewahi kusomea uuguzi. Kumbe wao wana jedwali linalofanana na langu: pedi iliyolowa kidogo huhesabiwa alama 1, ya wastani 5, iliyojaa 20, na mabonge nayo yana alama zake, jumla ya hedhi moja ikizidi 100, hedhi hiyo huhesabiwa kuwa nzito. Alijumlisha kwa kalamu, mimi nikijumlisha kichwani, na tuliipita mia kabla hatujamaliza ukurasa wa kwanza. Kuanzia hapo hakuna aliyeniambia niende nikapumzike. Mwenye tatizo kama langu na aanze na daftari, hata kama hana ghala.

Vipimo vilifanywa siku hiyo na siku zilizofuata. Wingi wa damu ulikuwa chini ya 8, ilhali kwa mwanamke asiye mjamzito hautakiwi kuwa chini ya 12, kwa hiyo zile ngazi za Mabatini zilikuwa hazinionei. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe mdogo ndani ya msuli wa kizazi, ambao haukuharibu umbo la ndani, na daktari alisema kama ungekuwa umelisukuma lile pango la ndani, kitanzi kingekosa mahali pa kukaa vizuri. Walinipima mimba, wakakagua mlango wa kizazi, wakachukua kinyama kidogo cha ukuta wa ndani kwa sababu ya umri wangu. Nilinung'unika kwa kucheleweshwa, lakini sheria ni kwamba kitanzi hiki hakiwekwi kabla haijajulikana kwa nini damu inatoka, isije ikawa kinafunika saratani.

Daktari alinipa njia kadhaa. Kulikuwa na vidonge vya asidi ya traneksamiki vya kumeza siku za damu tu, ambavyo hupunguza damu kwa kiasi kizuri lakini haviifanyi hedhi ije kwa mpangilio. Kulikuwa na kutoa kizazi, ambako nilikukataa kabla hajamaliza sentensi. Na kulikuwa na kitanzi cha homoni. Alipoona ninasita kwa sababu ya maneno ya watu, alinieleza kwamba si jambo la majaribio: kilianza kutumika Finland mwaka 1990, Marekani ikakiidhinisha rasmi kwa hedhi nzito mwaka 2009, na Shirika la Afya Duniani likakiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015. Ndani ya kile kijiti cha plastiki kuna miligramu 52 za homoni iitwayo levonojestreli, ambayo mwanzoni hutoka kama mikrogramu 20 kwa siku, palepale kwenye kizazi, na kuufanya ukuta wa ndani usinenepe.

Kukipata kulikuwa shughuli. Katika vituo vya serikali nilivyopita cha shaba kilikuwapo, tena bure, lakini cha homoni nilijibiwa kwamba hakipo, na wengine walinishangaa kwa kuuliza. Hatimaye duka moja la dawa liliniagizia kutoka Dar es Salaam, kikaja kwa basi kama kifurushi cha vipuri, na kilinigharimu laki kadhaa pamoja na gharama ya kuwekewa. Ni fedha nyingi, sikatai, lakini mtu anayenunua pedi kama nilivyokuwa nikinunua mimi asipige hesabu ya mwezi mmoja, apige ya mwaka.

Kuwekewa kwenyewe ni dakika chache. Meza dawa ya maumivu kabla, kama watakavyokuelekeza. Kuna mbano mmoja wa kweli, unaofanana na uchungu wa mwanzo wa kujifungua, muuguzi akaniambia, “Pole mama, vuta pumzi, imeisha,” na kweli ilikuwa imeisha. Kosa kubwa lisilotajwa na yeyote ni bodaboda: usipande bodaboda kwenye barabara za mawe za mji huu siku hiyo, chukua teksi hata kama ni umbali mfupi.

Miezi iliyofuata ndiyo ilimpa shangazi sherehe. Matone yalikuwa kila siku, madogo lakini yasiyo na likizo, matiti yakauma, chunusi zikanitoka kama msichana wa sekondari, na shangazi alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada kuuliza kama bado natoka damu, kwa sauti ya huruma iliyokuwa na ushindi ndani yake. Nilikuwa nimeonywa kwamba matone hayo huweza kuendelea kwa miezi mitatu hadi sita, na naamini wanawake wengi hukitoa wakati huo kwa sababu hawakuonywa. Mimi niliendelea na daftari langu, na ndilo lililonizuia nisikitoe, kwa kuwa siku zilikuwa nyingi lakini alama zilikuwa zikishuka kila mwezi. Kufikia mwezi wa tano safu ya pedi zilizojaa ilikuwa tupu. Kabla ya mwaka kwisha nilibaki na madoa ya siku mbili tatu, na miezi mingine hakuna kitu kabisa. Wataalamu husema damu huweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 90, na karibu mwanamke mmoja kati ya watano huwa amekatikiwa hedhi kabisa mwaka wa kwanza ukiisha.

Hapo shangazi alibadilisha hoja: sasa damu “inarundikana” na itageuka uvimbe. Nilimweleza kwa lugha ya ghala kwamba mzigo ambao haukupokelewa hauwezi kulala stoo. Ukuta ambao haukujengwa hauna cha kubomoka, kwa hiyo hakuna damu iliyofungiwa popote. Alisema nimekuwa mjeuri. Madini ya chuma niliendelea kuyameza kwa maji ya machungwa, si kwa chai ya rangi, kwa sababu chai huzuia mwili kuyachukua, na choo kikiwa cheusi usikimbilie hospitali, ni hayo madini. Wingi wa damu sasa umepita 12, na ngazi ninazipanda nikizungumza na simu.

Kuhusu kupotea: kinaweza kutoka chenyewe, kwa takriban mwanamke mmoja kati ya 20, na kwa nadra sana, mara moja au mbili katika kuwekwa 1,000, hutoboa kizazi, ndiyo maana walinitaka nirudi baada ya wiki kadhaa wakague nyuzi zake zinazotokeza kwenye mlango wa kizazi. Mume wangu alilalamika kwamba nyuzi zinamchoma. Nilirudi zikapunguzwa, na hilo halikuchukua muda mrefu kuliko kunyoa nywele za mtoto.

Kadi yangu ina mwaka wa kukitoa. Kwa kuzuia mimba, kitanzi cha aina hii kimeidhinishwa katika baadhi ya nchi kwa miaka 8, lakini kwa hedhi nzito idhini ni miaka 5, na wahudumu wengi huitaja ile namba kubwa bila kuuliza ulikiwekea nini. Changu nilikiweka kwa ajili ya damu, kwa hiyo nitarudi mwaka wa tano, au mapema zaidi ikiwa safu ya pedi zilizojaa itaanza kuandikwa tena.