Siku yangu na Corolla inayotetemeka

Saa 1:20 asubuhi. Nimefika gereji, Temeke, dogo anayenisaidia bado. Corolla AE100 ya 1993 imelala chini ya mwarobaini tangu jana. Nilimwomba mzee mwenye gari aiache makusudi, nataka kuiwasha ikiwa baridi kabisa. Inawaka mara moja, sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) iko juu kama kawaida ya injini baridi. Baada ya dakika kumi inashuka, na mtetemo ndio huo. Kikombe cha kahawa nilichoweka juu ya betri kinatembea chenyewe.

Mzee ameshaliwa hela. Kabla yangu alibadilishiwa plagi, kisha pampu ya mafuta, nozeli zikasafishwa. Mwisho wakapandisha sailensa kwa skrubu ya throto, pale hewa inapoingilia, gari ikatulia wiki mbili. Hiyo si tiba, ni kumziba mgonjwa mdomo asilalamike.

Saa 2:15. Dogo kaja, anauliza kama tunapiga mashine ya kusoma makosa. Gari hii haina soketi ya mashine za siku hizi. Nachukua kipande cha waya, naunganisha tundu la TE1 na la E1 kwenye kisanduku cha kupimia cha ndani ya boneti, nafungua swichi. Taa ya injini inapepesa mfululizo bila kupumzika: kompyuta haioni kosa. Dogo anafurahi. Namwambia kompyuta ya enzi hizo haijui silinda ikimisi, yaani isipochoma mafuta, kwa hiyo ukimya wake usikudanganye.

Saa 2:40. Injini ikiunguruma, nachomoa waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira. (Zamani nilitumia vidole. Mara moja tu.) Silinda ya 1, injini inazama. Ya 2, inazama. Ya 3, hakuna kilichobadilika. Nazima, nazamisha kitambaa kwenye tundu la plagi, kinatoka kimelowa oili nyeusi. Seal ya kuzuia oili imechoka, oili imeshuka na kuozesha mpira wa waya, moto unavuja pembeni kabla haujafika kwenye plagi. Hata hivyo sinunui kitu kwa kuhisi. Nabadilishana waya ya 3 na ya 2, na ugonjwa unahamia silinda ya 2. Mwizi ni waya. Waliobadilisha plagi lazima waliiona ile oili, wakafunga wakaondoka.

Saa 4. Chai, chapati mbili. Noah moja imekuja na breki zinazolia.

Saa 5. Dogo anakwenda Gerezani, kwenye maduka ya spea: seti ya waya, gasketi ya kava, seal za tundu za plagi.

Saa 8 kasoro. Amerudi na gasketi ya injini nyingine. Inabidi arudi tena, na foleni hii. Niliyomwambia siyaandiki hapa.

Saa 10. Tumefunga. Injini inapiga zote nne, ila sasa inakimbia: mita niliyochomeka kwenye tundu la IG- la kile kisanduku inasoma mizunguko 1,300 kwa dakika. Narudisha ile skrubu, inashuka mpaka 1,000 na kugoma. Kuna hewa ya wizi. Kompyuta ya gari hii inakadiria hewa kwa kupima mgandamizo wa manifoldi, bomba la kuingizia hewa, kwa hiyo hewa ikiingilia pembeni inaiongezea petroli, na injini inakimbia badala ya kufa. Nabana mipira ya hewa mmoja mmoja. Nikibana ule mnene unaokwenda kwenye buster ya breki, inayousaidia mguu kukanyaga, 1,000 inakuwa 800. Naugeuza: upande wa chini una ufa mrefu kama ukucha. Kumbe ndiyo maana mzee alikuwa analalamika pedali ya breki imekuwa ngumu, nami nikadhani ni habari nyingine.

Saa 11:40 jioni. Mzee kafika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Vipi mgonjwa?"

Namwashia, nafungulia na AC. Inashuka kidogo, inajipandisha, inatulia. Anaweka kiganja juu ya boneti, anakaa kimya, anacheka.

"Sasa fundi, ile pampu yangu ya zamani ilikuwa na shida gani?"

"Unayo, mzee, niipime?"

"Walisema wameitupa."