Mpole kuliko wote ndo aliyenimalizia vifaranga

Jumapili moja mwezi wa saba, hapa Uyole, ile baridi inayomfanya mtu asubiri saa saba mchana ndo aoge, nikamtoa jike wangu wa samaki, wale wanaotunza mayai na watoto mdomoni, kwenye tenki nimtemeshe watoto. Alikuwa na siku kama ishirini mdomo umejaa, kidevu kimeshuka kama mtu aliyeumwa na nyuki, hajala siku zote hizo mpaka mgongo umekonda. Nikamshika na neti mbichi, nikamfungua mdomo taratibu na kijiplastiki laini, nikamwinamisha juu ya beseni, mpwa wangu kachuchumaa pembeni anahesabu. Akatoka mmoja, wa pili, wa tatu, basi. Dogo akainamia beseni, akaniuliza, "Mjomba, mbona hawa wana sharubu?"

Nikadhani utani. Nikawasha tochi ya simu. Sharubu kabisa, na madoadoa.

Jike mwenyewe ni Labidochromis caeruleus, wale mbuna wa njano wa Ziwa Nyasa wanaopendwa na kila anayeanza kufuga samaki wa mapambo. Hapo nilitegemea vifaranga kumi au zaidi vya njano, nimepata kambale watatu. Yaani kama kuku aliyewekewa mayai ya bata bila kujua, ila hapa bata wamekula mpaka vifaranga wa kuku.

Mhalifu nilimjua palepale. Miezi kadhaa nyuma nilimwambia jamaa wa Dar aniletee samaki wa kukaa chini, asafishe mabaki, asisumbue wenzake. Akaniletea kwa basi la usiku, kwenye mfuko wa oksijeni, Synodontis multipunctatus wanne, kambale wa ukoo wa gogogo, wazuri balaa, madoa meusi na mapezi yamepigwa weupe pembeni. Nikamuuliza swali moja tu, wanagombana? Akasema hao wapole, hawagusi mtu. Na wala hakunidanganya, ndo kinachoniuma mpaka leo.

Sasa angalia wanavyofanya. Mbuna akitaga, jike anaangusha mayai juu ya jiwe halafu anageuka fasta anayaokota mdomoni, na dume ana vidoti vya njano kwenye pezi la chini huku nyuma vinafanana na mayai, jike akivifuata akidhani kasahau yai ndo anapata mbegu, mayai yanarutubishwa humohumo mdomoni. Katikati ya hekaheka hiyo wale wapole wanaingia kwa kasi, wanakula mayai kadhaa na kuacha ya kwao, jike kwa haraka zake anazoa yote. Mayai ya kambale yanawahi kuanguliwa, na vitoto vinaanza kula wenye nyumba mulemule mdomoni kwa mama. Kumbe wataalamu waliyaandika haya tangu 1986, sisi tunajifunzia kwenye beseni. Na huyo kambale kwao ni Ziwa Tanganyika, mbuna wa Nyasa hajawahi kukutana naye ziwani, ujanja wa kumkwepa atautoa wapi? Wa kule Tanganyika wenyewe angalau wana uzoefu, yai la mgeni wanalitema zaidi.

Kwa hiyo siku hizi swali la ugomvi naliweka la pili. La kwanza ni huyu atafanya nini siku jike akitaga, na atamfanyia nini akiwa amejaza mdomo, maana akiwa vile hali chakula, na akikimbizwa sana anaweza kuyatema mayai au kuyameza yote. Dume naye hana huruma, ukimpa jike mmoja anaweza kumuua, mimi kwenye tenki la futi nne nina dume mmoja na majike watano, mawe nimepanga mpaka karibu na juu ili kila mtu apate pa kujificha.

Zebra wekundu, mbuna wa aina nyingine, niliwatoa japo dogo alinuna siku mbili. Wale wanachanganyika na hawa wa njano, unapata vitoto vya rangi isiyoeleweka, na ukishamuuzia mtu kama mbuna halisi umeshamharibia mbegu. Auratus, mbuna mwingine, ndo usiniambie kabisa, akiwa mdogo ana milia mizuri ya njano, dume akikua anageuka mweusi na tenki zima linakuwa lake. Na goldfishi, jamani, najua kwa Mbeya anaishi bila hita, lakini mbuna anataka nyuzi 24 mpaka 28, mmoja lazima aumie, na ile mikia mirefu italiwa. Mimi umeme ukikatika usiku nafunika tenki na blanketi, wife anasema samaki wanalala pazuri kuliko yeye.

Niliowabakiza kama majirani ni acei, mbuna wa rangi ya zambarau mkia njano, wanaogelea juu kwa kundi na hawana makuu. Wanasaidia pia dume asishinde anawaandama majike wake tu, na kwa umbo na rangi wako mbali na wa njano, sijaona wakichanganyika. Ila jike akishajaza mdomo wiki mbili namhamishia kitenki kidogo chenye filta ya sponji na kipande cha bomba la kujifichia, peke yake. Jirani mzuri wa kipindi kile ni hakuna.

Wale wenye sharubu dogo aligoma tusiwatupe. Wana tenki lao, wamefika kama kidole gumba. Juzi kuna mtu wa Iringa kawaulizia, nikamweleza ukweli wote, kwamba kama una mbuna unaozalisha watakumalizia. Akacheka, akasema bro, mbuna ninao wa kutosha, hao kambale ndo wana bei, nataka wanizalie hivyohivyo.