Sentimita 46: jinsi nilivyopata begi la mgongoni la safari ya miezi minne

Nilipofika Ujiji, Novemba 2021, vidole vya mkono wangu wa kushoto vilikuwa havisikii. Nilikuwa nimeshuka treni ya reli ya kati pale Kigoma, mwili umekakamaa kwa kukaa, nikaona bora nitembee ninyooshe miguu. Mgongoni nina begi la lita 70, jipya, nililolinunua Dar es Salaam kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni la safari ndefu. Wakati ule nilidhani safari ndefu ni begi kubwa, basi. Nililishindilia mpaka zipu ikagoma. Nilipofika kwenye miembe ya Ujiji mikanda ilikuwa imenikata mabega, mkono umekufa ganzi, na mshono wa mkanda wa kulia umeanza kufumuka. Fundi viatu mmoja akaushona kwa uzi wa nailoni. Alipolinyanyua begi kunirudishia, alisita, akaliweka tena chini.

"Pole kaka," akasema. "Mzigo huu wa mkokoteni."

Ganzi ile ilinikaa siku tano. Baadaye mhudumu wa zahanati alinieleza kwamba mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi hupita karibu na bega, na mkanda mwembamba ukiikandamiza kwa saa nyingi, mkono hupoteza hisia. Wengine huwachukua wiki kadhaa kupona. Nilitishika kweli.

Kwa hiyo mkataba wangu wa kazi ulipokwisha mwishoni mwa 2022, na nikaamua kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa miezi minne kabla ya kutafuta kazi nyingine, nilianza na begi hata kabla ya kuhesabu nauli. Nikapanda basi hadi Moshi, kisha Marangu, kwa mjomba. Mjomba alibeba mizigo Mlima Kilimanjaro kwa miaka 14. Wapagazi wa mlima hujiita wagumu, na hakuna watu ninaowaamini kuliko wao kwenye suala la uzito na mwili. Hifadhini mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa kwenye mizani getini. Mtu aliyeishi hivyo miaka 14 anaijua kilo moja kwa shingo yake.

Sisi wawili huitana mjomba, yeye kwangu na mimi kwake. Nilimweleza yaliyonipata Kigoma. Hakuuliza begi lilikuwa la kampuni gani wala la bei gani.

"Lilikuwa na mkanda wa kiunoni?"

"Lilikuwa na kamba, mjomba. Nyembamba, kama ya suruali ya michezo."

"Basi ulibeba kwa shingo." Akaingia ndani, akatoka na tepu ya fundi cherehani ya shangazi. "Simama. Inamisha kichwa."

Akapapasa nyuma ya shingo yangu mpaka akaupata ule mfupa unaochomoza kuliko yote mtu anapoinama. Akaniambia niubane na ncha ya tepu kwa kidole changu mwenyewe. Kisha akaniwekea viganja kiunoni, juu kabisa ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma, na pale vidole gumba vilipokutana na uti wa mgongo ndipo tepu ikaishia. Sentimita 46. Akapima tena. 46.

Mimi ni mrefu, mita 1.86, na maisha yangu yote nimejua mrefu huvaa vya warefu. Kumbe urefu wangu uko miguuni. Mgongo ni wa mtu wa kawaida tu. Lile begi la Dar lilikuwa na mgongo mrefu mno, ndiyo maana hata ile kamba yake ilikuwa inaning'inia kwenye makalio na haishiki kitu. Hapa ndipo wengi tunapokosea, na ningependa kila anayejiandaa kwa safari apime mgongo wake kabla hajaingia dukani. Lita hueleza begi linameza vitu vingapi. Sentimita za mgongo ndizo zinazoamua kama utafika salama.

Siku ya pili tukashuka Moshi mjini, soko la Memorial. Anayelijua soko lile anajua nguo na vifaa vya mlima vya mitumba vinavyopatikana pale: majaketi, buti, fimbo za kutembelea, mabegi. Nilikuwa nimetenga shilingi laki moja. Begi jipya la aina ninayoizungumzia lingenigharimu mara kadhaa ya hapo, na begi la mitumba lililotengenezwa vizuri nalipenda kuliko jipya lililotengenezwa ovyo. Lakini mitumba inataka macho na vidole.

Tulikagua mabegi kumi na moja. Mjomba alinifundisha kubonyeza sponji ya mkanda wa kiunoni kwa kidole gumba: ikibonyea mpaka unahisi kidole cha upande wa pili, sponji imekufa, liache. Halafu unageuza begi ndani nje. Mabegi mengi ya nailoni yana utando ndani wa kuzuia maji, na ukizeeka utando huo hunata, unamenyeka kama ganda la kitunguu na kunuka uvundo. Matatu tuliyaacha kwa sababu hiyo, moja lilikuwa zuri sana kwa nje. Zipu unaivuta ukiwa umelijaza, maana zipu ya begi tupu hufunga hata kama imekwisha. Klipu unazifunga na kuzifungua moja moja huku unasikiliza mlio. Na pale mkanda wa bega unapoungana na begi, unavuta kwa nguvu zako zote, muuzaji akinuna mwache anune.

La kumi na moja lilikuwa Deuter la lita 50, rangi ya kijani iliyopauka, lenye fito mbili za alumini mgongoni na sehemu ya mabega inayopandishwa na kushushwa kwa kufuata mgongo wa mvaaji. Sehemu hiyo ya mabega ndiyo iliyonivutia zaidi. Muuzaji alianza na laki moja na ishirini. Mjomba akaongea naye Kichaga kwa muda mrefu, tukaishia themanini.

Ila hatukulipa palepale. Tuliomba kwanza tulijaribu na uzito. Mjomba akanunua duka la jirani mchele wa kilo kumi na mbili, ambao shangazi alikuwa ameagiza hata hivyo, tukaupanga ndani, naye akanivalisha kwa mpangilio ambao sasa naufuata kila siku. Mikanda yote inalegezwa kwanza. Begi likishakaa mgongoni, unainama kidogo, unalipandisha, unafunga mkanda wa kiunoni ili sponji ikumbatie mifupa ya nyonga kwa juu, siyo tumboni na siyo chini kwenye mapaja. Ukishabana hapo ndipo unavuta mikanda ya mabega, kiasi cha kugusa tu. Kisha vile vikanda vidogo vya juu, vinavyotoka begani kurudi nyuma kwenye kichwa cha begi. Vikae na mteremko wa nyuzi 45 hivi, kama paa la nyumba. Kamba ya kifuani inakuja mwisho.

Mjomba akapitisha kidole kati ya bega langu na mkanda. Kikapita bila shida. Kilo kumi na mbili mgongoni, pamoja na mbili na ushee za begi lenyewe, na mabega yangu yalikuwa huru. Nilisimama pale sokoni nikijihisi kama mtu aliyeshikwa kiuno kwa mikono miwili. Nikalipa.

Kesho yake nikapanda nalo kutoka Marangu Mtoni hadi geti la hifadhi, mlima mtupu, kama saa moja na nusu. Dakika kumi za sokoni hazitoshi kulijua begi. Panapouma huanza kujitokeza baada ya nusu saa. Mimi palianza kuuma upande wa kushoto wa kiuno, mjomba akagundua mkanda umepinda kwa ndani. Baada ya kuunyoosha sikusikia kitu tena.

Dada yangu alikuja wikiendi ile akalijaribu. Halikumfaa hata baada ya kushusha mabega mpaka mwisho: mikanda ilimbana kifuani na ule wa kiuno haukufuata umbo la nyonga zake. Kuna mabegi yanayoshonwa kwa ajili ya miili ya wanawake, mikanda yake ina mkunjo tofauti. Namshauri dada yeyote asikubali kuambiwa begi ni begi.

Mvua ndiyo iliyotupa mawazo, kwa sababu safari iliangukia masika. Wasafiri wengi hutandika mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya begi. Kwa njia niliyopanga hilo lilikuwa gumu: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, na sisi Tanzania tangu 1 Juni 2019. Sikutaka kupekuliwa mpakani kwa ajili ya mfuko. Fundi cherehani wa pale Marangu akasema nimletee miavuli mibovu. Nikampelekea mitatu. Akafumua vitambaa, akaviunganisha, akanishonea kifuniko chenye mpira kingo zote, na kwa mabaki akatoa vifuko vinne vya ndani vya kupangia nguo. Elfu kumi na mbili. Kilipigwa na mvua ya Kampala mara nyingi, na nguo zangu hazikulowa hata siku moja.

Kuhusu vitu vya kubeba sina mengi. Wapanda milima husema mzigo usizidi moja ya tano ya uzito wa mwili. Mimi nina kilo 68, kwa hiyo kilo 13 ndiyo ilikuwa mwisho wangu, begi likiwemo. Nilitandika kila kitu sakafuni, nikapima, nikatoa. Taulo likatoka, kikoi kikachukua nafasi yake: unajifutia, unajifunika, unakitandika. Suruali ya tatu ilitoka. Kompyuta ilibaki, nikaiweka ikigusana na mgongo, maana kizito kikikaa mbali na mgongo kinakuvuta nyuma hata kama mizani inasema kilo ni zilezile. Nguo laini chini, vizito katikati, koti la mvua juu kabisa.

Njiani nilijifunza jambo moja ambalo mjomba hakunifundisha, kwa kuwa mlimani hakuna mabasi. Kabla ya kumkabidhi utingo begi liingie kwenye buti, geuza mkanda wa kiunoni uzunguke begi kwa nyuma ufunge klipu huko, na ubane kamba zote zinazoning'inia. Nilipopanda basi la kwanza kuelekea Namanga sikufanya hivyo. Mkanda ulinasa kwenye ndoano ya buti, utingo akavuta kwa haraka, klipu ikapasuka. Nilitembea Nairobi nzima siku hiyo na mzigo mabegani, na jioni nikakumbuka Ujiji. Kesho yake nilipata klipu ya kubadilisha kwa fundi wa mabegi, na tangu hapo nikatembea na ya akiba mfukoni. Ukienda safari ndefu, kanunue ya akiba leo.

Nairobi, Kampala, Kigali na milima yake ya kupanda na kushuka, kisha Rusumo, Bukoba, meli ya usiku hadi Mwanza, na basi kurudi nyumbani. Kuna siku pale Kigali nilitembea na begi kwa muda wa karibu saa tatu nikitafuta nyumba ya kulala wageni niliyoelekezwa vibaya. Niliingia nimechoka miguu, njaa inauma, lakini vidole vyangu kumi vyote viliweza kufungua zipu.

Nilirudi Marangu mwezi wa saba. Mjomba alinipokea kwa kunigeuza mgongo kwanza, akavuta kola ya shati langu pembeni kuangalia mabega. Hapakuwa na alama. Sasa binti yake anajiandaa kwenda Mbeya kwa mafunzo ya miezi sita na alikuwa amelitamani begi langu. Tumempima: sentimita 41. Mabega ya begi langu hayashuki kiasi hicho. Jumamosi tunaenda naye Memorial, na shangazi ameshaagiza mchele.