Kati ya zamu na zamu

Dar es Salaam, usiku wa kuamkia Jumatano

Kwenye chumba cha kamera na redio za ulinzi, saa kumi alfajiri ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko zote. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja mwili wa binadamu unataka kulala hata kama mwenyewe kashinda amelala mchana kutwa. Macho yako wazi mbele ya kamera, lakini hayaoni. Dawa si kahawa. Dawa ni kubadilishana viti kila baada ya dakika 30, wa kamera ashike redio na wa redio ashike kamera. Tena mtu wa redio asiulize lindo "hali ikoje?", kwa sababu "salama" hutamkika hata usingizini. Aulize gari la mwisho kupita getini lilikuwa lipi, au taa ya nyuma ya kisima inawaka au imezimika. Sauti ya mtu aliyeamshwa na redio inajulikana kwenye neno la kwanza.

Usingizi huo mara nyingi unaanzia kwenye ratiba. Wiki ina saa 168. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mfanyakazi saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo kiti kimoja kinahitaji watu wanne. Weka likizo ya siku 28, weka malaria na misiba, na hapo hesabu inafika watano. Mwajiri anayeweka watatu amenunua kiti kinachosinzia, na ni dhulma kumlaumu askari.

Jambo linaloumiza zaidi, na ambalo wengi hulipuuza, ni saa yenyewe. Askari wa lindo anaripoti mtu ukutani "saa nane kasoro dakika kumi". Mfumo wa alamu umeandika 01:50. Taarifa ya ofisi ya ng'ambo kuhusu tukio hilohilo inasema 22:50, tena tarehe ya jana, kwa kuwa wao wanahesabu kwa saa ya dunia na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ni dakika ileile moja, lakini kwenye karatasi yameshakuwa matukio matatu. Ongeza na "usiku wa Jumatano": kwa mtu wa pwani anayehesabu siku tangu jua linapozama, ni huu tulio nao sasa, kwa mwingine ni wa kesho. Kwa hiyo askari aachwe aseme kama alivyozoea, anayeandika daftari ndiye ageuze na kumrudishia: "Saa nane kasoro kumi usiku, kuamkia Jumatano, naandika 0150." Asubiri jibu, kisha aandike.

Mashine za kurekodi nazo zina ugonjwa wake. Kijibetri cha ndani kikifa, umeme ukikatika na UPS, yaani betri ya akiba, ikiishiwa, saa ya mashine inarudi nyuma hadi tarehe ya kiwandani. Anayeingia zamu ailinganishe na simu na aandike tofauti daftarini kabla ya kurekebisha. Akirekebisha kimyakimya, picha zilizokwisha kurekodiwa zinabaki na saa ya uongo, na baada ya wiki mbili hakuna atakayejua ni uongo wa dakika ngapi.

Naandika haya yote kwa sababu tishio halikai ndani ya zamu moja. Secret Service ya Marekani, idara inayomlinda rais wao, ilichunguza watu 83 walioshambulia, au waliokaribia kushambulia, viongozi na watu maarufu nchini humo kuanzia 1949. Wachache sana walikuwa wamemtishia mlengwa wao moja kwa moja. Wengi walikuwa wamemdokeza mtu mwingine au wameandika pembeni, na wapo waliofuatilia ratiba za mlengwa na kutembelea sehemu zake. Ujumbe wa matusi kwenye simu ya bosi tunayemlinda lazima ufuatiliwe, lakini anayemuuliza mlinzi kwa upole "mzee hutoka saa ngapi?" anastahili mstari wake daftarini pia.

Mstari huo uweje? "Gari la mashaka" haumsaidii mtu. "Noah ya fedha, taa ya nyuma kushoto imepasuka, imeegeshwa mkabala na geti 1410 hadi 1455, dereva hakushuka" unasaidia. Keshokutwa zamu nyingine ikiona taa ile iliyopasuka karibu na shule ya watoto wa bosi, mistari miwili inakutana. Kabila na dini ya mtu havina kazi hapo, andika alichofanya. Tangu 2023 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na daftari letu limejaa taarifa za watu. Bodaboda wa kijiweni na mama ntilie wa kona wafahamike kwa sura, maana ndio kipimo cha siku ya kawaida. Siku ambayo kijiwe kimehama ghafla, uliza kwa nini.

Huku Masaki buibui hupenda joto la taa za kamera, na upepo wa bahari huacha chumvi kwenye kioo. Utando ukipepea, alamu inalia. Ikishalia mara kumi kwa ajili ya buibui, ya kumi na moja itazimwa bila kutazamwa. Fagio laini, kitambaa na maji baridi kila wiki, na masika mara mbili. Kupunguza usikivu wa kamera ni kujifunga kitambaa machoni.

Polisi ni 112, Zimamoto ni 114. Zibandikwe ukutani, kwani simu huisha chaji.

Makabidhiano yanaanza 0530, si 0600, na hayafanyiki mlangoni mtu akiwa na begi begani. Wawili wanakaa mbele ya skrini moja, daftari katikati. Anayetoka anasoma yaliyobaki wazi: Noah, kamera namba 7 inayokatika picha, fundi wa jenereta atakayekuja saa tatu asubuhi na jina lake. Anayeingia anayarudia yote kwa kinywa chake. Likimtoka moja, wanaanza upya kutoka juu, na sahihi inasubiri.