Yatima wa Sesilia

Wiki ya tatu sasa naimba besi ya kundi la pili katika "Cecilia virgo" ya Peter Philips, moteti, yaani wimbo mtakatifu wa kwaya, wa Kilatini, na neno moja limeniganda: pupillos. Yatima.

Mapokeo yanasema Mtakatifu Sesilia alipigwa upanga shingoni mara tatu, akabaki hai siku tatu ndipo akafa. Kwa hiyo nilipoipokea moteti hii nilitegemea kukuta damu na mnyongaji. Hawamo kabisa. Maneno yote ni ya wanamuziki wanaomlilia msimamizi wao: wanamsifu, wanaliita jina lake, wanamsihi ageuze msiba wa dunia uwe utukufu wa paradiso, kisha awatazame yatima wake.

Philips mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa Uingereza. Mwaka 1582 alitoka kwao kwa sababu ya imani, akaenda kupiga kinanda katika Chuo cha Waingereza kule Roma. Mwaka 1593 alifungwa The Hague kwa tuhuma za njama ya kumuua Malkia Elizabeth, baadaye akaachiliwa. Moteti hii ilichapwa Antwerp mwaka 1613, katika kitabu chake cha nyimbo za sauti nane, wakati huo akiwa mpiga kinanda wa mtawala Albert mjini Brussels. Alifia ugenini, 1628. Siwezi kuimba "pupillos" bila kumfikiria.

Sauti nane hizo ni kwaya mbili za sauti nne nne zinazopokezana. Kazi ngumu kwetu si noti, ni kunyamaza. Nahesabu kwa kidole pajani wakati wenzetu wa kundi la kwanza wanaimba, na nikichelewa nusu pigo tu, jibu letu linasikika kama la mtu aliyeshtuliwa usingizini. Juzi tulipofika "juncta voce et uno corde", kwa sauti iliyoungana na moyo mmoja, makundi yote mawili yalikaa sawa kwa mara ya kwanza. Mwalimu alishusha mikono, akatuomba turudie palepale. Hakusahihisha chochote.

Mwishoni kuna "Sancta Cecilia, ora pro nobis", inarushwa kutoka kundi hadi kundi kama litania. Hapo nimeshaacha kuangalia karatasi. Nawatazama wa kundi la kwanza midomoni, nasubiri wamalize "nobis", navuta pumzi.