Kopo langu limevuka kipupwe cha Uru bila kulowa

Tangu Juni hadi leo, mwisho wa Agosti, kopo langu la jiokeshi kwenye njia ya kwenda maporomoko ya Materuni, huku Uru, juu ya Moshi kwenye mteremko wa Kilimanjaro, halijaingiza hata tone. Mwaka jana lilinitoa machozi.

Kwa asiyeujua mchezo huu: unaficha kopo, unatangaza namba zake za GPS, watu wanalitafuta kwa simu. Anayelipata anaandika jina kwenye kidaftari kilichomo, analirudisha. Ulianza Marekani Mei 2000, mara tu serikali yao ilipoacha kuvuruga mawimbi ya GPS kwa raia. Kulitunza ni juu yako uliyelificha.

Mwaka jana wenzangu wa Moshi mjini walinitisha na masika. Masika yalipita salama. Kilichonishinda ni kipupwe. Huku juu, Julai, ukungu unashuka, manyunyu hayakatiki, siku nne hujaliona jua. Nikaambiwa nitie mchele, eti unanyonya unyevu. Nikaufunga kwenye kitambaa. Baada ya wiki mbili nilikuta panya ametafuna kifuniko, sisimizi wamejaa, mchele umeota kuvu, kidaftari kimekuwa uji na majina yote yameyeyuka na wino. Na sheria za mchezo zinakataza chakula ndani ya kopo kwa sababu hiyohiyo! Aliyenishauri hajawahi kuficha hata kopo moja.

Ushauri mwingine wa ovyo: "Wenyeji wasijue." Njia ile ni ya wote, akina mama wenye mizigo ya majani ya ng'ombe, wanafunzi, bodaboda, wageni na waongozaji wao. Kopo jipya nikalificha nyuma ya masale, mimea ya majani marefu, mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha bibi mmoja. Kwa Wachagga masale ni mpaka, na ndiyo unayoshika ukienda kuomba msamaha. Siku moja nikamkuta bibi amesimama na kopo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, majina haya ya watu umeyafungia nini mpakani kwangu?"

Nikaelewa anachokiogopa. Nikamwomba radhi, nikamwonyesha simu, tukaenda pamoja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Waliporidhika, bibi mwenyewe akanichagulia mahali: tundu kwenye ukuta wake wa mawe, juu ya mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji, chini ya jiwe linalokinga. Sikuchimba chochote.

Kopo la sasa ni la plastiki ngumu, kifuniko cha kuzungusha. Fundi baiskeli alinikatia pete ya tyubu kuukuu, nikaibana ndani ya kifuniko. Kama elfu mbili hivi. Nikaweka tishu ndani, nikalizamisha kwenye ndoo ya maji na jiwe juu yake, nikalala. Asubuhi tishu ilikuwa kavu kabisa! Nilirukaruka jikoni peke yangu. Vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, niliviomba bure duka la viatu. Ndani kuna penseli, kalamu sitaki kuiona tena. Nimelilaza mdomo chini, na nje nimeandika kwa Kiswahili: "Huu ni mchezo, si mali iliyopotea. Rudisha ulipokuta. Usifungue kwenye manyunyu." Ukilifungua wakati wa manyunyu, unyevu unaufungia ndani mwenyewe.

Jumamosi bibi aliniambia wageni wawili walifika ukungu umetanda. Aliwaketisha barazani kwake mpaka kukakauka, ndipo akawaruhusu kulifungua.