Saba nne mwishoni mwa faili

Mama hunipigia simu saa moja na nusu asubuhi, na swali lake ni moja tu: "Leo nianike au nisianike?" Yuko Mwea, mavuno yameanza na mvua za vuli bado zipo. Mpunga uliokwisha kukauka ukinyeshewa kwenye turubai, punje hupata nyufa, na ukipelekwa mashine unatoka chenga. Chenga hazina bei.

Mimi niko mtaa wa Zimmerman, Nairobi, orofa ya nne, kwenye mtandao unaogawanywa ploti nzima. Utabiri naupata kwenye GFS, modeli ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa ya dunia nzima, kutoka seva ya Marekani iitwayo NOMADS. Modeli hii hutolewa mara 4 kwa siku. Ile ya saa tisa usiku kwa saa zetu huanza kupatikana mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo nina kama saa moja tu kabla ya simu ya Mama.

Wiki mbili mfululizo asubuhi hizo ziliniponyoka. Programu ilikataa kila faili, ikisema limeharibika, nami nikailaumu seva. Kila nikishindwa, skripti yangu ilirudia kuomba papo hapo, tena na tena.

Jumamosi moja nikaketi nikayafungua mafaili yenyewe, baiti kwa baiti. Utabiri huo huja katika muundo wa data uitwao GRIB, na faili lake lisiloharibika huanza kwa herufi G-R-I-B na kuishia kwa tarakimu 7777. Ya kwangu yalianza vizuri, lakini mwishoni hapakuwa na saba hata moja. Yalikatika njiani. Mengine hayakuwa data kabisa: yalianza kwa alama ya ukurasa wa wavuti, maana seva ilikuwa imenijibu kwamba naomba kupita kiasi, na skripti ikauhifadhi ujumbe huo kwa jina la faili la mvua. Seva ilikuwa nzima siku zote hizo.

Kisha nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuianza nayo. Faili moja la dunia nzima ni kama megabaiti 500. Kwa megabiti 2 kwa sekunde (baiti moja ni biti 8), ndiyo kasi ninayopata asubuhi, ni zaidi ya nusu saa. Utabiri wa siku 5, kila baada ya saa 3, ni mafaili 40. Ningemaliza kesho yake!

Na mimi nilihitaji mvua ya Kenya tu. NOMADS ina kichujio: unachagua kipimo unachotaka na mipaka ya eneo, seva inakukatia kipande hicho. Sasa mafaili yote 40 hayafiki megabaiti moja. Nimeiwekea skripti mapumziko ya sekunde 10 kati ya ombi na ombi, na haipokei faili lolote kabla ya kuziona zile saba nne.

Mraba mmoja wa modeli una upana wa karibu kilomita 28, hivyo siwezi kumwambia Mama kuhusu shamba lake peke yake. Namwomba aangalie pia mawingu upande wa Mlima Kenya, na katika hilo macho yake nayaamini kuliko kompyuta yangu.

Jana mvua ilionekana kuanzia saa tisa alasiri.

"Anika, Mama, lakini saa nane uwe umeshakusanya."

"Haya, baba."

Hakukata simu. Nikasikia turubai likikunjuliwa.